Pima Kabla Hujanunua: Kutunza Betri na Jenereta Msowero

Betri nyingi zinazotupwa hazikufa kwa uzee. Zimeuawa na njaa, kiu au joto, na mwenye nazo hakujua kwa kuwa hakuwahi kuzipima. Jenereta nazo mara nyingi huuawa na petroli iliyolala tangini na oili iliyogeuka lami. Hasara inamwangukia kinyozi anayezima mashine kichwa cha mteja kikiwa nusu, mwenye duka la dawa asiyeona maandishi ya boksi gizani, na mwenye kibanda umiza anayerudisha viingilio mpira ukiwa katikati. Wote watatu kesho yake huenda Dumila au Morogoro mjini kununua betri mpya, bila kujua iliyopita ilikufa kwa nini. Mpya nayo inakuja kufungwa palepale, kwenye waya zilezile, chini ya paneli ileile, na inakufa kifo kilekile.

Umeme wa gridi umesambaa sana vijijini tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uanze kazi mwaka 2007, na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Hata hivyo, hapa kwetu Msowero, kando ya barabara ya Dumila kwenda Kilosa, bado kuna vitongoji na kambi za mashambani ambako nguzo hazijafika, na pale zilipofika umeme hukatika. Kwa hiyo sola, betri na jenereta ndogo zitaendelea kuwa nasi. Ninachotaka kila mwenye vifaa hivi akishike ni hiki: pima kwanza, tafuta chanzo, ndipo utoe fedha.

Betri inavyouawa

Betri ya asidi tunayoitumia leo haiko mbali na ile aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859: sahani za risasi ndani ya asidi ya salfa. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2.1 hivi. Unapotumia umeme, chumvi ya risasi hujipaka kwenye sahani. Ukichaji mapema, chumvi hiyo huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha betri na njaa wiki nzima au zaidi, chumvi hukauka na kuwa ngumu, na hapo hakuna chaji itakayoiondoa yote. Sehemu ya sahani iliyofunikwa imekufa. Betri yako ya N100 sasa inafanya kazi ya N40, ingawa kwa nje inang'aa kama siku uliyoinunua.

Ndiyo maana kuitumia betri hadi taa zififie ni kuifupishia maisha. Ukitumia nusu tu ya kilichomo kila usiku na kuijaza tena kesho yake, itakutumikia mara nyingi zaidi kuliko ukiikausha. Tena betri ya gari si betri ya sola. Sahani za betri ya gari ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiifungia televisheni ya saa tano kila usiku, haitafika mbali. Ya sola ina sahani nene zinazovumilia kutumika polepole na kwa muda mrefu.

Namba za kukariri

Nunua mita ya fundi, ile multimita ya bei ya chini inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Ni rahisi mno ukilinganisha na betri moja. Pima alfajiri, jua halijagusa paneli, vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Saa hiyo betri haidanganyi. Volti 12.6 au 12.7 maana yake imejaa. 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 imekwisha. Ukikuta asubuhi nyingi iko chini ya 12.2, unaiua polepole hata kama taa bado zinawaka.

Usitegemee peke yake taa ya kijani ya kontrola, kile kisanduku kinachodhibiti chaji ya sola. Kontrola nyingi za bei ndogo husoma volti wakati jua linachaji, na volti ya kuchaji hupanda hata kama ndani hamna kitu. Pima tena saa sita mchana. Betri ya maji inayochajiwa vizuri hufika volti 14.2 hadi 14.6. Siku kadhaa za jua kali zikipita bila kufika hata 14, angalia vumbi kwenye paneli, kivuli cha mwembe, waya mwembamba, au matumizi ya mchana yanayomeza chaji yote. Ikiwa inaruka hadi 14.4 dakika chache tu baada ya jua kuwaka, na jioni inaanguka mara unapowasha televisheni, basi sahani zimeganda. Betri imebaki ganda.

Dalili nyingine ya wazi: umechaji kutwa nzima, umeipumzisha, na mita inasoma karibu 10.5. Hapo chumba kimoja kati ya sita kimekufa. Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, thibitisha kwa haidromita, kile kichupa cha kufyonza asidi chenye kielea ndani. Katika nchi za joto asidi huwekwa nyepesi kidogo, kwa hiyo usisumbuke sana kama betri iliyojaa inasoma 1.240 badala ya 1.265. Kilicho muhimu ni kulinganisha vyumba. Kimoja kikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.050, hicho ndicho mgonjwa.

Kwa betri ya gari, pima pia wakati wa kupiga stata. Ikishuka chini ya 9.6 ilhali ilikuwa imejaa, muda wake umekaribia. Lakini kabla ya kuihukumu, weka ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe cha betri na nyingine juu ya klampu, halafu mwenzako apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, tatizo ni klampu chafu au iliyolegea. Utalimaliza kwa spana na brashi ya waya.

Betri za lithiamu zina hesabu yake. Ile ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika husoma karibu 13.3, na volti zake hubaki palepale hadi inapokaribia kuisha. Usiihukumu kwa namba za betri ya asidi, usiichaji kwa kontrola isiyo na mpangilio wa lithiamu, na usiiunganishe pamoja na betri ya asidi.

Maji, uchafu na joto

Betri yenye vifuniko hupoteza maji. Asidi haiendi popote, hubaki ndani. Kwa hiyo unachoongeza ni maji yaliyochemshwa mvuke na kupozwa, yale ya chupa yanayouzwa kwa ajili ya betri. Soma lebo vizuri, kwa sababu dukani chupa ya maji na chupa ya asidi hukaa rafu moja na wauzaji wengine huziita zote maji ya betri. Ukiongeza asidi kwenye betri iliyopungukiwa maji, itakula sahani. Maji ya kisima na ya bomba yana chumvi na chuma, nayo huharibu. Ukikosa kabisa, maji ya mvua uliyoyakinga moja kwa moja kwenye ndoo safi ya plastiki, yasiyopitia kwenye bati, ni afadhali. Ongeza baada ya kuchaji, kwa sababu chaji hupandisha kimiminika. Kama sahani zimebaki wazi, zifunike kwanza kidogo, chaji, ndipo umalizie.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme kupita. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Osha kwa magadi soda yaliyoyeyushwa kwenye maji, vifuniko vikiwa vimekazwa ili tone lisiingie ndani. Kausha, sugua, kaza, paka grisi juu. Wakati wa kurudisha anza na chanya, hasi iwe ya mwisho.

Joto ni adui mkubwa wa betri katika bonde letu. Kwa makadirio, kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri wa betri ya asidi kwa nusu. Usiiweke darini chini ya bati, wala karibu na jiko. Iweke chumba cha kivuli chenye hewa, mbali na moto na sigara, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Wengi wetu tumeambiwa kwamba sakafu ya saruji hunyonya chaji. Betri za leo zina boksi la plastiki na saruji haizinyonyi kitu. Ubao au benchi bado ni wazo zuri, kwa sababu ya mafuriko nitakayoyagusa mbele.

Hesabu ya kuingia na kutoka

Betri ni ghala la mpunga: ukichota kila siku kuliko unavyoingiza, ukubwa wa ghala hautakuokoa. Chukua duka dogo. Taa nne za wati 7 kwa saa tano ni wati-saa 140. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Kuchaji simu kumi ni kama 120. Jumla 420, na ukiongeza kinacholiwa na inveta unakaribia wati-saa 500 kwa siku. Paneli ya wati 100, baada ya kuondoa joto, vumbi na upotevu wa waya, siku ya jua zuri itakupa kama 320. Kila siku unadaiwa 180. Betri ya N100 iliyojaa ina kama 1,200, kwa hiyo jioni ya tano inaanza usiku ikiwa chini ya nusu. Ukinunua betri kubwa zaidi utachelewesha kifo kwa siku chache. Dawa ni paneli ya pili, au kupunguza matumizi. Na hesabu hii ifanye kwa mawingu ya masika, usiifanye kwa jua la Septemba.

Ikiwa una sola na jenereta pamoja, mpangilio bora ni huu: washa jenereta asubuhi mapema, acha jua limalize. Betri yenye njaa hupokea chaji kwa wingi mwanzoni. Ikifika robo ya mwisho hupokea kidogo kidogo kwa saa nyingi, na kuunguza petroli kwa ajili ya chaji hiyo ndogo ni hasara. Tumia chaja halisi ya betri. Soketi ya volti 12 iliyo kwenye jenereta nyingi ndogo hutoa kama ampia 8 tu, na haina kidhibiti cha kuizuia isizidishe.

Magari yenye betri mbili, upande wa Mikumi

Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, huleta magari ya safari yenye friji na mahema juu ya paa. Madereva na mafundi wanaoyahudumia wanakutana na lalamiko moja: friji inazima usiku. Friji ya gari hutumia kama ampia 4 ikizunguka. Ikizunguka nusu ya muda, kwa siku nzima inakula karibu ampia-saa 48, ambazo ni nusu ya betri ya 100. Gari likilala usiku mmoja na kesho likatembea saa kadhaa, sawa. Likikaa kambini siku mbili bila jua wala mwendo, betri ya pili imekwisha.

Pima injini ikiwa inazunguka. Betri ya mbele ikisoma 14.2 na ya nyuma 13.2, alteneta ni nzima. Kosa ni waya mwembamba kati yao. Weka waya mnene, na fyuzi karibu na kila betri, maana waya huo ukichubuliwa na bati la bodi bila fyuzi utachoma gari. Hakikisha kitenganishi cha betri kinaziunganisha zote mbili wakati wa kuchaji na kuziachanisha injini ikizimwa, ili friji isiinyime stata nguvu ya kesho. Kaza mabano. Barabara ya vumbi yenye mawimbi hutikisa betri hadi sahani zinavunjika ndani. Na gari likifa betri likiwa limesimama tu, toa klampu ya hasi, pitisha mita ya ampia katikati: zaidi ya 0.05 kuna kifaa kinakunywa chaji kimyakimya. Chomoa fyuzi mojamoja hadi ukijue.

Jenereta: oili, hewa na mafuta safi

Jenereta ndogo ya mipigo minne hubeba oili kama nusu lita na kidogo, na mara nyingi haina filta ya oili. Uchafu wote hubaki humo. Jenereta mpya imwagwe oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100, na wakati wa vumbi la kiangazi kila saa 50. Angalia kijiti cha oili kila siku kabla ya kuvuta kamba, mashine ikiwa mahali tambarare. Zile ndogo za mipigo miwili hazina oili chini. Hizo huchanganyiwa oili kwenye petroli kwa kiasi kilichoandikwa, mara nyingi sehemu 1 kwa 50.

Filta ya sponji osha kwa sabuni, kausha, tia oili kidogo na ukamue. Ya karatasi gongagonga tu, ikichakaa nunua nyingine. Petroli ya chupa za kando ya barabara inaweza kuwa na maji au mafuta ya taa; udanganyifu huo uliwahi kuenea kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia mafuta kemikali ya utambulisho. Acha petroli itulie kwenye chupa ya kioo safi: maji hukaa chini na unayaona. Ukiwa huitumii jenereta kwa zaidi ya mwezi, funga koki ya mafuta na uiache iunguruke hadi ijizime, ili kabureta ibaki tupu. Kisha iwashe kila mwezi nusu saa, ikiwa na mzigo.

Mzigo usizidi robo tatu ya uwezo. Friji na pampu huvuta mara tatu hadi saba ya wati zake wakati wa kuanza. Washa bila mzigo, subiri dakika chache, chomeka kikubwa kwanza. Kabla ya kuchomeka televisheni, pima soketi: inatakiwa iwe kati ya 220 na 240.

Ikigoma

Fuata mpangilio, usirukie kufungua injini. Kwanza mafuta: koki iko wazi? Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi limeziba? Fungua skrubu ya chini ya kabureta, petroli itiririke safi. Pili oili: ikipungua, swichi ya oili huzima cheche, na watu wengi wamebadilisha plagi bure. Tatu cheche: toa plagi, isafishe, ikiwa nyeusi na mbichi, choki au filta ya hewa ndiyo kosa.

Ikiwaka na kupandisha na kushusha mlio, tundu dogo la kabureta limeziba. Ikiwaka dakika chache na kuzima, rudi kwenye tundu la tangi na oili. Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Wa bluu ni oili inayoungua. Ikinguruma vizuri bila kutoa umeme, angalia swichi ya usalama na soketi kwanza. Baada ya hapo ni kapasita, brashi za kaboni au AVR, yaani kidhibiti cha volti, na hiyo ni kazi ya fundi.

Yanayoua watu

Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu usingizini. Jenereta iwe nje, mita sita au zaidi kutoka mlangoni na madirishani. Sebule, kibaraza kilichofungwa, na stoo yenye dirisha moja si nje. Kamwe usichomeke jenereta kwenye soketi ya nyumba kwa waya wenye vichwa viwili: umeme unarudi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi wa TANESCO aliyepanda akijua laini imezimwa. Funga swichi ya chenjiova. Jenereta ikiwa ya moto, usitie petroli.

Mwishoni mwa 2009 na mapema 2010 mafuriko yaliikumba Kilosa, na Januari 2014 mafuriko yakaipiga Magole, jirani yetu. Kabla ya masika inua betri, inveta na jenereta juu ya alama maji yalipofika mara ya mwisho. Jenereta iliyozama usiivute kamba: mwaga oili na petroli, kausha, tia mpya, ndipo ujaribu.

Betri iliyokufa irudishe kwa muuzaji au mnunuzi wa chuma chakavu anayezichukua nzima. Usiivunje nyumbani kwa ajili ya risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014 kiliacha watoto na risasi mwilini. Mwanaharakati Phyllis Omido akawapigania wakazi, mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikawaunga mkono Desemba 2024. Risasi haitoki kirahisi kwenye damu ya mtoto.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Weka daftari la kurasa chache kando ya betri. Kila Jumatatu alfajiri andika volti. Kila mwezi andika umeongeza maji kiasi gani, umesafisha vichwa lini, jenereta imefanya kazi saa ngapi tangu oili ya mwisho. Baada ya miezi mitatu namba zitakuonyesha kitu kinachoshuka kabla hakijazima: 12.6, 12.5, 12.3. Hapo ndipo fedha kidogo za waya, klampu au maji ya betri huokoa fedha nyingi za betri nzima. Na fundi akikuambia inabidi ununue mpya, mfungulie daftari, muombe akuonyeshe kwenye mita kwa nini.